Mgeni Asiyelishwa

Kinywa cha tatu kiligeuka cheusi siku ya Jumapili, mbele ya wageni.

Masinde alikuwa amelitoa lile ua kwenye veranda ya nyumba kubwa, kama alivyozoea kila baada ya ibada, akaliweka juu ya kigoda nje ya mlango wa kwata yake, chumba cha watumishi nyuma ya nyumba hiyo. Wapishi, mayaya na watu wa bustani wa barabara nzima walikuwa wamelizunguka wakiwa bado na nguo za kanisani. Wengine walikuwa wameliona mara nyingi, lakini hakuna aliyechoka kuliona. Lilikuwa ua dogo, la kukaa ndani ya chungu cha kiganja, na kila jani lake liliishia kwenye kinywa kilicho wazi, chenye meno membamba kama kope za jicho. Nzi akitua ndani, kinywa kinafunga pap! na nzi hatoki tena. Memsaab alikuwa ameletewa na dada yake kwa meli, mizizi ikiwa imeviringwa kwa pamba mbichi. Watu wa kwata walilipa jina la Bwana Mdogo.

"Sogeeni, lakini msimpumulie," alisema Masinde. Alikuwa mpishi, na hata Jumapili alisimama kama mtu aliyeshika sinia. "Leo Bwana Mdogo anakula nyama ya kusaga. Nyama laini, hata Bwana mwenyewe amekula hiyo hiyo jana."

Akachota nyama kwa ncha ya kijiko, akaidondosha kinywani mwa ua. Watu wakangoja. Kinywa hakikufunga. Masinde akakichokoa kwa njiti ya kiberiti. Kikajikunja kidogo, kama mzee anayekataa dawa, kisha jani lote likalala ubavu.

"Ameshiba," mtu mmoja akasema, na wote wakacheka.

"Ameshiba au amekufa?" aliuliza Akoth, mke wa mtu wa bustani wa jirani. Akoth hakuwahi kusema neno kwa sauti ya chini. "Masinde, huyu bwana wako ananuka! Mimi nazijua harufu za nyama, na hii si ya kupika."

Wakacheka tena. Masinde naye akacheka, lakini meno tu ndiyo yaliyocheka. Nyuma yake, kwenye kizingiti, mke wake Truphosa hakucheka. Aliangalia vile vinywa vyeusi, akaweka mkono juu ya tumbo lake, pale palipokuwa na mimba ya miezi mitano.

Maneno ya Memsaab alikuwa anayakumbuka kama alivyoyasema, siku alipomkuta Truphosa ndani ya kwata bila ruhusa, akiwa amejibana nyuma ya mlango na sufuria mkononi. Memsaab hakupiga kelele. Alimwangalia tumbo, akamwangalia Masinde, akaangalia kile chumba kimoja. Kisha akasema: "Kwata ni ya boi moja. Lakini mimi nakwenda Ulaya mpaka mvua nakuja. Wewe natunza maua yangu. Kama yeye naishi, bibi nakaa. Kama yeye nakufa, bibi narudi kwao."

Basi. Hakusema zaidi. Truphosa alikuwa mke wa Masinde kwa mwaka wa tano sasa, na katika miaka hiyo alikuwa amekaa naye zile likizo fupi tu ambazo Masinde alipewa kurudi kwao Kimilili. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa na kuzikwa baba yake akiwa Nakuru anakaanga mayai ya watu.

*

"Ni njaa," alisema Masinde wageni walipokwisha kuondoka. "Ona alivyokonda. Kesho nitampa maini."

"Tangu uanze kumlisha ndipo alipoanza kuugua," Truphosa alisema, akiangalia vidole vyake vya miguu.

"Nini?"

"Nasema labda hataki nyama."

"Hataki nyama! Mmea mzima umetoka Ulaya kwa sababu ya kula nyama, wewe unasema hautaki nyama." Masinde aliketi kitandani, akavua viatu. "Sikiliza. Mtu amekuachia mgeni wake nyumbani kwako. Utamwambia nini akirudi? Kwamba mgeni alikaa kwako akala nzi? Hata kwetu mbwa wa mgeni anapewa kitu. Na mbolea ya kuku nilimtilia mimi mwenyewe, na maji sijawahi kusahau. Asubuhi na jioni, maji safi ya mfereji."

Truphosa aliokota vile viatu akavipanga chini ya kitanda. Shule aliiacha darasa la tatu, na hata alipokuwa huko mwalimu alikuwa akimwambia asimame ndipo agundue kwamba amesimama tayari, kwa jinsi alivyokuwa kimya. Lakini macho yake hayakuwa na haya kama mdomo wake. Asubuhi, Masinde alipokwenda kupika staftahi ya Bwana, alikipeleka kile chungu penye mwanga akakitazama pole pole. Udongo ulikuwa umefanya ukoko mweupe juu, na ukingo wa chungu ulikuwa na pete nyeupe, ngumu. Akaikwaruza kwa ukucha. Alikuwa ameiona mahali fulani. Akaenda akafunua birika lao la chai, akatazama ndani. Ukoko ulikuwa ule ule.

Kwenye mfereji Akoth alikuwa wa kwanza, akifua shuka za watu.

"Habari ya mgonjwa, msichana wa Kimilili?"

"Bado."

"Fungasha tu taratibu, isiwe haraka siku ya mwisho. Mimi nitakusaidia kubeba mpaka stesheni." Akacheka, akapiga shuka kwenye jiwe. "Usinune, nakutania. Lakini kweli, nani amewahi kufukuzwa mjini kwa sababu ya maua? Ukifika kwenu utasema nini?"

Truphosa alijaza ndoo yake akaondoka bila kujibu. Alipofika nyuma ya mlango wa kwata ndipo alipolia, kidogo, kwa sababu hilo ndilo swali alilokuwa akijiuliza mwenyewe.

*

Jerop alikuja siku ya Jumatano, kama kawaida yake, kwa lori la mbao kutoka Elburgon. Mumewe alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, naye aliuza asali mlango hadi mlango akiwa na mkebe kichwani na maneno mengi mdomoni.

"Mama ya kwata! Asali ya leo ni nyeusi, ya msitu kabisa. Onja bure, kununua ni baadaye." Kisha akaliona lile ua kwenye kigoda, akainama. "Eeh! Huyu naye amefika mjini lini?"

"Unamjua?" Truphosa aliuliza. Alishtuka mwenyewe kwa jinsi sauti yake ilivyotoka.

"Huyu mwenyewe simjui. Najua ndugu yake. Kwetu, huko juu karibu na msitu, kuna kinamasi. Katika kinamasi kuna kadudu ka mmea kadogo, kekundu, kana nywele, na kila nywele ina tone kama asali. Nzi akikaa, hatoki. Tulipokuwa watoto tukichunga tulikuwa tunakalisha mchwa." Akacheka. "Kalikuwa kanakufa kila mara tukikalisha sana."

Truphosa alimvuta akakaa. Alimpa chai. Alimuuliza mambo mengi kuliko aliyowahi kumuuliza mtu yeyote hapo Nakuru.

"Udongo wa huko ukoje?"

"Mbaya! Hakuna mtu analima pale. Ukipanda mahindi yanakuwa manjano, yanakufa. Ni tope jeusi na yale majani laini kama sufi, yanashika maji. Basi."

"Na maji?"

"Maji ni ya mvua tu yamekaa. Matamu, lakini hayana kitu. Hata ng'ombe hawatosheki nayo. Tukichunga pale siku mbili tatu wanaanza kulamba mawe, wanalamba hata jasho la mtu. Lazima tuwateremshe mpaka kwenye udongo wa chumvi, ndipo wanarudi kuwa ng'ombe."

Truphosa aliinuka. Alichukua birika, akalifunua, akamwonyesha Jerop ule ukoko ndani. Halafu akamwonyesha pete nyeupe ya chungu.

"Hii ni nini?"

Jerop akaigusa kwa ncha ya kidole, akaweka ulimini. "Ng'ombe wangu wangekimbilia hii," alisema. Kisha akamtazama Truphosa, akatazama ua, akaanza kucheka polepole. "Yaani mmemleta mtu wa kinamasi mkamtia kwenye chumvi, halafu mkamshindilia nyama?"

"Na mbolea ya kuku," alisema Truphosa.

"Mama yangu! Mnamuua kwa upendo."

Hapo ndipo Truphosa alipokumbuka lile pipa chini ya paa la nyumba kubwa. Memsaab alikuwa akichota humo kwa kikombe maji ya mvua ya kunywesha ua lake. Mvua ilikuwa imekatika kabla ya Krismasi, pipa likakauka, na Masinde akafungua mfereji. Nani angefikiri kwamba maji na maji si kitu kimoja?

Alimwomba Jerop kitu kimoja: Jumatano ijayo, alete kikapu cha lile tope na zile sufi zake.

"Na mimi nitapata nini?" Jerop aliuliza.

"Sina pesa."

"Nani ametaja pesa? Nataka mume wako anifundishe kuoka ule mkate wa wazungu. Mume wangu ananisumbua nao tangu aonje kwa bwana wake."

*

Tope lingekuja, lakini maji ya mvua yangetoka wapi wakati hata mawingu yalikuwa yamesahau njia ya Nakuru? Vumbi jeupe la ziwani lilikuwa likipanda kila mchana mpaka kwenye meno. Tangi moja tu lilikuwa na maji ya mvua mahali ambapo mtu kama yeye angeweza kufika, nalo lilikuwa kanisani kwao lokesheni, mtaa wa Waafrika, na ufunguo wa bomba lake ulining'inia shingoni mwa Mzee Hezekiah, mtunzaji wa kanisa.

Jumamosi akina mama wa kanisa walikuwa wakipanga foleni, kila mmoja na sababu yake: huyu ana mgonjwa nyumbani, yule ana mtoto mchanga. Truphosa alisimama mwisho na mkebe wake. Alitumaini kwamba zamu yake ingefika wote wakiwa wameondoka. Lakini waliokwisha kuchota hawakuondoka. Walikaa kwenye kivuli cha tangi kupiga soga.

"Wewe binti una nani nyumbani?" Mzee Hezekiah aliuliza.

"Ni maji kidogo tu, mzee."

"Sikuuliza kiasi. Nimeuliza ni ya nani."

Angeweza kusema ni ya mgonjwa. Lakini hapo palikuwa kanisani.

"Ni ya ua," alisema.

"Ya nani?"

"Ya ua, mzee. Maua ya Memsaab."

Kicheko kilizunguka tangi lote. Mzee Hezekiah alikuwa na sikio moja zito, na wanawake wakamsaidia kwa furaha: "Anasema maua, mzee! Maua ya mzungu! Yale yanayokula nyama!"

"Yanayokula nyama?" Mzee alirudi nyuma hatua moja, akaushika ufunguo. "Mtoto wangu, watu wanakohoa lokesheni hii kwa kukosa maji mazuri, wewe unataka maji ya kanisa unyweshe jini?"

Uso wa Truphosa uliwaka. Miguu yake ilikuwa tayari imeanza kugeuka kurudi nyumbani, naye akaizuia. Alijua akiondoka na mkebe mtupu ndiyo itakuwa safari yake ya Kimilili, hapo hapo, imeanza.

"Si jini," alisema. Hawakumsikia. Akasema tena kwa nguvu, mpaka akasikia sauti yake ikigonga bati la tangi. "Si jini! Ni ua, na likifa mimi narudishwa nyumbani. Memsaab amesema hivyo. Nimebeba mimba. Ya kwanza nilizaa peke yangu, mtoto akaugua nikiwa peke yangu, nikamzika na baba yake yuko hapa Nakuru. Alipata habari kaburi limeshaota majani. Sitaki kuzaa hivyo tena. Naomba maji mkebe mmoja kila wiki. Kama kuna kazi, nitafanya. Nitasugua sakafu ya kanisa. Nitaosha huu mfereji wa paa. Lakini naomba maji."

Hakuna aliyecheka sasa. Truphosa aliunyoosha mkebe wake mbele. Kutoka kwenye kivuli, mwanamke mmoja akainuka akipangusa vumbi kwenye kanga. Alikuwa Akoth.

"Mzee, mpe huyu mtoto maji," alisema. "Kama hayatoshi, aanze na yangu." Na kabla mzee hajajibu akamimina nusu ya debe lake ndani ya mkebe wa Truphosa, mengine yakamwagikia miguu yao wote wawili. Halafu akamgeukia: "Na wewe, kumbe una mdomo! Mbona unanisumbua kukutania peke yangu bila kujibiwa?"

Mzee Hezekiah aliguna. "Sakafu ni Jumamosi," alisema. "Na chini ya mabenchi pia. Si kufagia katikati tu kama wale wengine."

*

Kikapu cha Jerop kilipofika, Truphosa alilitoa ua kwenye chungu, akaosha mizizi kwa maji ya tangi, kidogo kidogo kama anayeosha uso wa mtoto. Aliondoa vinywa vyote vyeusi. Nyama iliyooza aliifukia mbali. Lililobaki lilikuwa kitu cha kusikitisha: majani mawili na kichipukizi kisichozidi punje ya mchele.

Masinde alisimama mlangoni na sahani mkononi. "Umemmaliza," alisema.

"Hapewi tena kitu. Si nyama, si mbolea. Maji haya tu, na jua la asubuhi."

"Na chakula?"

"Atajitafutia."

Masinde hakugombana, na hilo lilimtia Truphosa wasiwasi kuliko ugomvi. Wiki ya kwanza haikuleta kitu. Ya pili kichipukizi kikajinyoosha, kikafungua kinywa kidogo sana, chekundu ndani kama ulimi wa kitoto cha paka. Kikafuata kingine. Truphosa alianza kuimba akisugua mabenchi. Halafu asubuhi moja akakuta kile kinywa kipya kimefumba na kimeanza kuwa cheusi ukingoni. Akakifungua kwa mwiba. Ndani mlikuwa na kipande cha ini, kimekatwa vizuri kabisa, mraba, kama vinavyokatwa vya kuweka juu ya mkate wa Bwana.

Alikwenda moja kwa moja mpaka jikoni mwa nyumba kubwa, mahali ambapo hakuruhusiwa kukanyaga.

"Masinde!"

Alikuwa hajawahi kumwita mumewe kwa jina. Kijiko kikamponyoka Masinde.

"Ni wewe uliyempa ini?"

"Kidogo tu," alisema Masinde. Alikuwa amejikunyata kama mtoto aliyekutwa na sukari. "Truphosa, mimi ni mpishi. Napita pale kila asubuhi na mabaki ya watu, naye amefungua mdomo, ananitazama. Wiki ya pili hii hajapewa kitu! Nimeshindwa."

"Unataka nibaki hapa?"

"Wewe unajua nataka."

"Basi usimpe. Ukisikia huruma, njoo unilishe mimi."

Masinde alimwangalia mkewe, akimwona kama mtu aliyeshuka kwenye treni sasa hivi. Kisha akacheka, kicheko cha kweli safari hii, akachukua ini lote lililokuwa kwenye kikaango akalitia kwenye bakuli. Truphosa alilila hapo hapo, amesimama, jikoni kwa Memsaab.

*

Memsaab alirudi na mvua. Alishuka garini na kofia iliyolowa, akapita mizigo yake, akaja moja kwa moja kwenye veranda. Bwana, ambaye alijali magazeti na treni tu, alikuwa hajui hata kama ua bado lipo.

"Wapi maua yangu?"

Masinde alikionyesha chungu kwa mikono miwili.

"Hii? Hii ni ndogo! Mimi naacha kubwa." Uso wake ulibadilika. "Boi, wewe naleta ingine? Yangu nakufa?"

"Hapana Memsaab, ni yeye, ila aliugua kidogo, halafu maji, yaani pipa lilikauka, halafu nyama..." Maneno ya Masinde yalikuwa yakigongana kama sufuria. Memsaab akainua kidole apapase kinywa kikubwa kuliko vyote.

"Usimguse, Memsaab."

Wote wakageuka. Truphosa alikuwa amesimama kwenye ngazi ya veranda, tumbo mbele, mvua ikimnyeshea mgongoni.

"Ukimfunga bure anachoka," alisema. "Kinywa kimoja hakifungi mara nyingi. Ni yule yule. Alikuwa anakufa kwa maji ya mfereji na vyakula vyetu. Tulimlisha kama mgeni. Mimi nimemtoa vinywa vilivyooza, nikamweka kwenye tope la kinamasi, nikamwombea maji ya mvua. Ni mdogo kwa sababu ameanza upya. Ngoja uone."

Memsaab alibaki na kidole hewani. Labda alishangaa kwamba mtu huyu alikuwa na sauti. Wakangoja, wote watatu, wakisikiliza mvua juu ya bati. Nzi wa jikoni, ambao Masinde hakuwa amewahi kuwashinda, walizunguka. Mmoja akatua kwenye meza. Akapaa. Akatua kwenye ukingo wa chungu, akasugua mikono yake, akapanda jani, akaingia.

Pap!

Memsaab alipiga makofi, kisha akaziba mdomo kama aliyepiga kelele kanisani. Aliinama mpaka pua yake ikakaribia kile kinywa, akaangalia miguu ya nzi ikihangaika kati ya meno. Alipoinuka macho yake yalikuwa na maji.

"Dada yangu nakufa huko Ulaya," alisema. "Hii tu mimi nabaki nayo." Akajipangusa haraka kwa glavu. Akamgeukia Masinde. "Boi, bibi nakaa."

"Asante Memsaab, asante sana..."

"Na mtoto?" aliuliza Truphosa.

Masinde akamkazia macho anyamaze. Truphosa hakumtazama. Alimtazama Memsaab, na Memsaab akalitazama lile tumbo kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama siku ile ya kwanza.

"Na mtoto," alisema Memsaab. "Kwata ni ya watu tatu. Mimi nasema kwa Bwana."

*

Kesho yake, mvua ilipopumzika, Truphosa alichukua jembe la mtu wa bustani akachimba shimo nyuma ya kwata. Akoth, ambaye alikuwa amempa chipukizi la mgomba la kupanda hapo, kutoka nyuma ya kwata yake mwenyewe, alisimama mikono kiunoni akitoa maagizo.

"Shimo liwe na kina zaidi. Zaidi! Unazika kuku au unapanda mgomba?" Akaliangalia anga la Nakuru, lililokuwa la kijivu na baridi. "Ingawa mimi nakuonya. Si kama kwenu huko Kimilili. Hapa mgomba unachelewa. Mwaka huu usingojee ndizi. Mwaka ujao pia, sijui."

Truphosa alikanyaga udongo kuzunguka shina, pole pole, kwa kisigino.

"Si neno," alisema. "Nipo."